Siku Maombi Yalipohamia Mbele ya Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini, commandant, yaani rubani wetu, hakuniuliza jina. Aliniuliza kilo. Mimi binti wa kijiji cha Muheto nilizoea kupima maharage, si kupimwa mwenyewe, nikanuna waziwazi.

"Mama, usikasirike," akasema. "Hapa hata askofu anapanda mizani."

Nilikuwa convoyeuse, msindikizaji wa mizigo na abiria kati ya Goma na Walikale. Ndege yetu ilikuwa ndogo, haina ukuta kati ya rubani na sisi, na kule msituni ilitua barabarani baada ya vijana kufukuza mbuzi. Chef d'escale, mkubwa wetu wa uwanjani, ndiye aliyenifundisha centrage, kazi ya kugawa uzito ili ndege isielemee upande. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ikipakiwa nyuma tu, mpini wake unainuka. Ndege nayo inainua pua, hewa haiibebi tena vizuri, inaanguka.

Ninyi vijana mnapenda kuuliza habari za tumbo kupanda mtu akiwa angani. Basi sikilizeni. Juu ya vilima vya Masisi, jua likiisha kuwaka, hewa ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na ndege hufuata zote mbili. Ikishuka ghafla, mwili wako unashuka nayo kwa mwendo uleule, basi kiti hakikubebi tena. Matumbo yanaelea, miguu inakuwa myepesi, moyo unatafuta njia ya kutokea mdomoni. Halafu hewa inaidaka ndege: mashavu yanavutwa chini, mikono inakuwa mizito kama magunia. Abiria wageni niliwaambia, "Tumbo haijapanda. Ni kiti njo imekimbia." Walinitazama kama mwongo, lakini walifunga mikanda.

Siku moja tulibeba waimbaji wa kanisa waliokuwa wanarudi kwao Mpofi, upande wa Walikale. Kiongozi wao, Mama Zawadi, alikaa nyuma kabisa, karibu na mkia. Juu ya Masisi tulianguka vibaya, nikaona sabuni za mzigo zinaacha sakafu na kuelea. Mama Zawadi akafungua mkanda, akapiga magoti. Kwao hakuna anayeomba peke yake wakati wa hatari; wote wakafungua mikanda, wakamfuata, wakashikana mikono kumzunguka. Uzito wote ukahamia mkiani. Pua ikaanza kuinuka.

Commandant alisukuma usukani kwa mikono miwili. "Rudisha watu mbele! Ndege itanishinda!"

Nilipiga kelele: rudini, kaeni! Wakafumba macho zaidi na kuomba kwa sauti kubwa zaidi. Niliogopa, sifichi. Tulikuwa tunakaribia kufa kwa sababu ya maombi, na nani atamkataza mtu kuomba? Nikatambaa mpaka sikioni mwa Mama Zawadi.

"Mama, commandant iko na shida. Mukono yake haitoshe. Muende mumuombee kule mbele, lakini kwa magoti, moja-moja."

Akafumbua macho. "Kweli, tulimusahau ule mutu!"

Wakaanza kutambaa kuelekea mbele bila kukatiza maombi, mama mmoja baada ya mwingine, wakajazana nyuma ya kiti chake. Mmoja akamwekea mkono begani. Pua ikashuka polepole, nikasikia sakafu inanipokea magotini. Nilitaka kuibusu.

Magurudumu yalipogusa barabara ya Walikale, maombi yalikatika kwa mshtuko. Commandant akazima mota. Huyu mwanaume sikuwahi kumwona kanisani. Akavua kofia, akageuka.

"Mama, mimi sijasikia amina. Muimalize."

Mama Zawadi akaendelea pale alipoachia. Hakuna aliyeshuka kabla ya amina, na mimi nililia mbele ya wote bila aibu.

Mgongo uliponishinda nilirudi Muheto. Juzi wajukuu walinionyesha kwenye telefone watu wa Ulaya wakilipa kukimbizwa ndani ya vigari juu ya reli, wakipanda na kuanguka huku wakipiga kelele. "Koko, iko nini inawafurahisha pale?" Nikawaambia, si kule kuanguka. Ni pale kiti kinapowarudia. Sasa nikimaliza kupalilia nakaa kwenye kigoda changu mlangoni, nasikia uzito wangu wote umetulia juu ya mbao, na sitaki kitu kingine.