Kamwokya Ilivyosemwa na Redio ya Ng'ambo

Mwaka ule wa vita na Tanzania, Maalim Hamdun, mwalimu wa Kurani wa Kamwokya, mtaa wa Kampala, alikuwa ndiye sikio la majirani zake. Baada ya sala ya alasiri walikusanyika sebuleni kwake, naye mkewe, Mwanawetu, akitwanga karanga mlangoni ili kishindo cha mchi kiifunike redio, kwa kuwa kusikiliza idhaa ya ng'ambo kulitosha kumpoteza mtu. Maalim alisikiliza Kiingereza, kisha akawatolea kwa Kiswahili bila kuzidisha wala kupunguza. Tafsiri kwake ilikuwa amana.

Siku hiyo mtangazaji alisema jambo lililomgusa yeye mwenyewe.

"Maalim, amesema nini?" akauliza Santina, jirani wa ukuta mmoja, Mkristo wa kaskazini, ambaye mumewe, Odoch, alichukuliwa na watu wa serikali asirudi.

Maalim angeweza kuliruka, wala hakuna ambaye angejua. Ila Mungu angejua.

"Amesema vita hivi ni vya dini. Kwamba Waislamu wa Kampala wanashika silaha wamlinde rais, Mwislamu mwenzao."

Mchi ukasimama. Ongom, fundi baiskeli, akacheka. "Eh, Maalim! Bunduki umeficha wapi? Mimi naona tasbihi tu!"

"Imo ndani ya birika la udhu," Hamdun akajibu, lakini kicheko hakikumfika moyoni. Ndugu yake Farouk alinyakuliwa mlangoni mwa msikiti, mchana kweupe, na watu walewale waliomchukua Odoch. Huyu wa ng'ambo alimwuliza nani? Alikanyaga lini matope ya Kamwokya? Hamdun alitamani kuingiza mkono redioni amshike ukosi; naye mtangazaji alikuwa ameshahamia bei ya kahawa.

Santina hakucheka. "Maalim, hao askari wa Tanzania wanaokuja, na wao wanasikiliza redio hii?"

Hamdun akaizima redio.

"Basi wakifika," Santina akasema, "mimi nasimama mlango wako. Nawaambia huyu ni mtu wetu."

Hamdun alimshukuru kwa adabu zote. Mtaa huu alizaliwa humu, akaozesha na kuzika humu. Leo, kwa neno la mtu asiyemjua, uhai wake na wa Mwanawetu ulimtegemea jirani asimame mlangoni kuwatolea ushahidi. Na ikiwa siku hiyo Santina atakuwa amekwenda kuteka maji?