Nilivyomsingizia Karisa Kuiua Kompyuta

Shoga yangu, nakwambia wewe kwa sababu hutanicheka mbele za watu.

Kwenye darasa letu la jioni hapa Mishomoroni tunajifunza kuandika kiini cha mfumo wa kompyuta, ile programu ya ndani inayoendesha mashine nzima. Juzi tuliunganisha kazi zetu: ya Karisa, muuza nazi, inatangulia, yangu inafuata. Kuwasha tu, kompyuta ikaganda. Ujumbe wa mwisho kwenye skrini ulisema, "Karisa ameanza."

"Karisa, umeiua," nikasema mbele ya darasa zima. "Yangu hata haijaanza. Mimi kila programu naiamuru ianze kwa kuandika Bismillahi, na hapo kwenye skrini haipo."

Wenzetu wakaenda zao wakimsikitikia. Karisa akachukua mkoba wake, akasema labda masomo si yake.

"Hebu kaa, Karisa," mwalimu akasema. "Mama Zuhura, ujumbe hupanga foleni kwanza, kuandikwa kwenye skrini ni baadaye. Mashine ikifa, ulio kwenye foleni unapotea bila kuonekana. Sasa naiamuru iandike kila ujumbe papo hapo, ndipo iendelee."

Akawasha tena. "Karisa ameanza." "Karisa amemaliza." Kisha, kwa herufi kubwa, "BISMILLAHI." Ikaganda.

"Si haba, Mama Zuhura," akasema Karisa. "Imekufa ikimtaja Mola."

Wale walioondoka mapema bado wanamlaumu yeye. Ukikutana nao, tafadhali waambie ni mimi.