Ukuta wa Birika la Mlimani

Kuna siku moja inanirudia, mwanangu, kila nikimwona ng'ombe anapiga hatua kurudi nyuma. Huenda unadhani mtu kama mimi hana la kumsumbua. Pita Kituntu, pita Kamuli, panda rweya yote, yale malisho yetu ya wazi yasiyo na mgomba wala kivuli, uliza nani kajenga mabirika ya kunyweshea ng'ombe kule juu. Watakutajia jina langu kabla hujamaliza kuuliza. Shule niliiacha darasa la nne, lakini nyumba yangu ina bati la rangi na vigae mpaka barazani, na hakuna aliyenishika mkono kunifikisha hapo. Kujisifu ninajisifu, sikatai, jasho lilikuwa langu. Ila leo nataka ujue ni wapi nilishika mwiko wa fundi kwa mara ya kwanza, maana hapakuwa mahali pa furaha.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye shingo nene, na kazi yangu ilikuwa kubeba. Ukivuka Kaisho, mbali na nyumba za watu, kuna mlima wenye chemchemi karibu na kilele. Gari halifiki, pikipiki haifiki, hata punda hugoma katikati ya njia. Kiangazi cha mwaka ule kijito cha bondeni kilibaki tope tupu, na Mzee Katunzi, tajiri mwenye ng'ombe wengi kuliko wote upande ule, akaamua kujenga birika huko huko juu, maji ya chemchemi yashuke kwa bomba yaingie ndani yake. Saruji ilipanda mlima juu ya vichwa vyetu. Mchanga nao vilevile. Jioni ulikuwa huwezi kugeuza shingo kumwangalia anayekuamkia.

Mchungaji wa ng'ombe wale alikuwa Projesti, mtoto wa mama yangu mdogo, Koku. Kwetu huyo ni ndugu, hakuna neno jingine. Baba yake alifariki akiwa mdogo, hakuwa na kaka wala dada, na mama yake alimlea kwa kibanja cha migomba na kahawa kidogo. Projesti alikuwa mrefu, mcheshi, na alimjua kila ng'ombe kwa jina. Akiita, anayeitwa ndiye anayeinua kichwa, wengine wanaendelea kula.

Sasa sikiliza birika lenyewe lilivyokuwa. Fundi alichimba ubavu wa mlima akapata uwanja mwembamba, akalijenga katikati, refu, ng'ombe wanywe pande zote mbili. Walio upande wa juu migongo yao ilielekea mlimani. Walio upande wa chini, nyuma ya makalio yao palikuwa na nafasi ya mtu kusimama, halafu genge. Na ng'ombe wetu wa asili unawajua, pembe za mmoja zinaenea kama mtu aliyenyoosha mikono yote miwili. Wakikutana uso kwa uso kwenye birika jembamba, lazima mmoja ampishe mwenzake. Atampisha kwenda wapi?

Projesti aliliona hilo saruji ikiwa bado mbichi.

“Mzee, upande huu wa chini tuuzibe kwa ukuta,” alimwambia Katunzi. “Wanywe upande wa juu tu.”

“Wakinywa upande mmoja utamaliza kunywesha lini? Krismasi?”

“Wakirudi nyuma wataanguka, mzee.”

“Na wewe kazi yako nini hapa? Si kusimama nyuma yao uwatulize? Baba yako alisimama, babu yako alisimama. Au mwenzetu wewe ni mchungaji wa kuku?”

Wabebaji wakaangua kicheko, mizigo ikiwa bado kichwani.

Desturi ni hiyo kweli, mwanangu. Wakati wa kunywesha, mchungaji husimama upande wa hatari, fimbo mkononi, akiwaita ng'ombe majina kwa sauti ya chini na kuwapapasa mapaja wasishtuke. Ndiyo heshima yake. Mchungaji kuomba ukuta ilikuwa kama kukiri mbele za watu kwamba ng'ombe hawamsikii. Basi Projesti naye akacheka.

“Haya, mzee, hao kuku wako nitawanywesha,” alisema, na hakulitaja tena jambo lile.

Siku ya kufungulia maji, ng'ombe walikuwa hawajanywa tangu juzi yake. Ndimi zilikuwa nje. Walipaswa kupandishwa kwa mafungu madogo, fungu linywe, lishuke, jingine lipande. Lakini Katunzi alikuja na wageni, akataka waone mali yake yote kwa pamoja. Akapunga kofia kwamba wote waachiwe. Ng'ombe waliposikia harufu ya maji hakukuwa na wa kuwashika. Walijaa pande zote mbili za birika, pembe zinagongana, ndama wanapita chini ya matumbo ya mama zao.

Projesti alikuwa amesimama mahali pake, nyuma ya wale wa upande wa chini, ukingoni.

“Tulia, Bihogo. Tulia mama, maji yapo,” nilimsikia akisema.

Dume la upande wa juu likainua kichwa. Pembe yake ikampata Bihogo shavuni. Bihogo akarudi nyuma. Projesti akaweka bega kwenye paja lake, akasukuma kwa nguvu zake zote, na nguvu zake nilizijua. Hazikutosha. Walikwenda wote wawili. Nilisikia mawe tu yakiporomoka, kwa muda mrefu.

Tulimtoa korongoni kwa machela ya miti. Tukamzika kibanjani, kando ya baba yake.

Kwetu pole haitolewi kwa maneno matupu. Watu huja na mikungu ya ndizi, maharage, kuni, wakakaa na wafiwa. Siku ile ya mazishi mama mdogo Koku alisimama mlangoni, akawazuia wote uani na mizigo yao.

“Ndizi ninazo,” alisema. “Maharage ninayo. Wa kumpikia ndiye sina. Anayetaka kunipa pole abebe jiwe, alipeleke pale alipokuwa anasimama mwanangu. Na asinyweshwe ng'ombe hata mmoja pale mpaka ukuta uishe.”

Mzee Katunzi alikuwa amekuja na dume la kuchinja, limefungwa kamba. Akavua kofia.

“Mama Projesti, nimeleta hili.”

“Lirudishe. Lete jiwe.”

“Ng'ombe watakufa kwa kiu, mama.”

“Basi wahi.”

“Nitatuma vijana asubuhi.”

“Ulimtuma wangu,” alimwambia. “Sasa nenda mwenyewe.”

Akaenda. Mwanangu, nilimwona tajiri yule na jiwe begani, viatu vya ngozi mkononi, anapumzika kila baada ya hatua chache, na hakuna aliyempokea. Wanawake walipandisha mawe kichwani. Katekista wetu alipandisha lake, na wale wageni wa Katunzi yao. Fundi alipozidiwa, mimi nikachukua mwiko, nikapanga mawe na kuyashikisha kwa saruji, machozi na udongo vikichanganyika. Ndama kadhaa walikufa kabla hatujamaliza, tukasikia mama zao wakilia huko bondeni.

Ukuta ulipokamilika, mama mdogo alipanda kuuona. Akauegemea kwa mikono yote miwili, akausukuma. Haukutikisika. Akatugeukia sote, fundi, wabebaji, tajiri na wageni wake.

“Mlimfanya mtoto wangu ukuta,” alisema. “Na mawe yalikuwa hapa hapa.”

Akashuka peke yake. Hakuwahi kupanda tena mlima ule.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, na simu yako yenye picha za mabirika ya nchi za watu, shika haya. Kwenye mteremko, kabla ya kupima urefu wa bomba, pima mahali pa kusimama. Ng'ombe wanywe upande wa mlima, upande wa genge uzibwe, na uache nafasi ya pembe. Usijenge kitu ambacho kitafaa tu ikiwa kuna mtu wa kukizuia kwa mwili wake. Anayekuambia hapa pana hatari, hata akiwa mchungaji asiyejua kusoma, mnyamazishe kwanza anayemcheka, kisha umsikilize. Na mwenye mali akikukatalia ukuta, funga mwiko wako ushuke. Mimi nimeshuka milima mingi hivyo nikiwa na njaa, na bado nimejenga nyumba ya bati la rangi.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe maji yasiyokauka na kazi isiyodai damu ya mtu, na jioni akushushe salama, wewe na kila uliyepanda naye.