Uso Juu ya Mlango wa Teunis

Mjomba wangu Teunis alikuwa mwangalizi wa daraja la kuinuka hapa Amsterdam, na katika kazi ile kosa la kumfukuzisha mtu lilikuwa moja: kulala huku mashua zikingoja. Naye, maskini, alilala. Si sana. Kidogo tu baada ya mkate na jibini, jiko likimpasha miguu, mpaka nahodha wa mashua ya makaa apulize honi mara ya pili.

Kisha ofisi ya wahandisi wa jiji, ile iliyochora madaraja, mabafu ya umma na hata vyoo vya kando ya mifereji, ikamjengea kibanda kipya cha matofali, kuta zimejipinda kama ubavu wa mkate. Juu ya mlango, mchongaji wa ofisi akaweka uso wa mwanamume wa jiwe. Macho yamefumbwa.

Tangu hapo mjomba hakumwamini mtu. Alimshuku muuza samaki kwa salamu yake yenye kicheko. Alimshuku mkewe, Geesje, kwa kumuuliza kama amelala vizuri. Hata madirisha ya kibanda, vioo pande zote, aliona yamewekwa ili yeye ndiye atazamwe. Mwishowe shuku zote zikamwangukia Lubbert, mwenzake wa zamu ya jioni, ambaye siku zote hufika kimyakimya.

Jioni moja, akimkabidhi funguo, akamvaa.

"Wewe ndiye uliyenichongea ofisini."

"Mimi? Patasi yenyewe sijui kuishika, bwana."

"Acha mzaha. Umewaambia nalala kazini."

Lubbert akaacha kuvua koti. "Kumbe unalala?"

Mjomba akamsihi asimwambie mtu. Lubbert naye hakuahidi kitu. Alichukua funguo, akachochea jiko.

Majira yote ya baridi yaliyofuata mjomba alifanya kazi amesimama, pua kwenye kioo, kahawa mkononi. Daraja lilipanda kabla honi haijalia.

Barafu ilipoyeyuka, mchongaji akarudi na ngazi. Akagonga asubuhi nzima, vumbi la jiwe likimwagika kizingitini. Mjomba alipotoka kutazama, uso ule ulikuwa umefumbua macho, makubwa, yakiukodolea mfereji. Mchongaji akamweleza kwamba macho huyaacha mwisho, maana kwenye baridi kali jiwe huvunjika kope.

Mjomba aliitikia kwa heshima, wala hakusadiki. Jioni alimngoja Lubbert mlangoni.

"Haya, ndugu yangu. Nani kawaambia nimeacha?"