Weka A Mbili

Nilikuwa natafuta kitambulisho. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, hapa kwetu Kiwanjani, ananiharakisha, maana gari la Kinna halingojei bibi anayepekua sanduku la bati. Nikaingiza mkono chini ya shuka za zamani, na badala ya kitambulisho nikashika kitu cha mviringo, kigumu, chenye tundu. Sikuhitaji kukitazama. Ilikuwa fuulido yangu, filimbi ya kokwa la mkoma, ambayo baba alinitobolea kabla sijang'oka meno ya mbele. Niliinusa. Rafiki yangu, miaka yote hiyo, na bado ilinukia moshi na asali.

Kwetu mvua ikishakatika, migunga inachanua na hewa inakuwa tamu mpaka unaisikia kwenye meno. Siku hizo baba alikuwa hakai nyumbani. Kunapambazuka, anapuliza fuulido, na ndege wa asali anamjibu. Kandege kenyewe ni ka rangi ya majivu tu, hukageukii mara mbili, lakini kakianza kulia kama mtu anayetikisa kiberiti, kakiruka mti hadi mti, wewe fuata, kanakupeleka kwenye nyuki. Kazi yangu ilikuwa moto. Nilibeba kinyesi kikavu cha ndovu kikifuka ndani ya kigae, nakipuliza kisizime, macho yanatoka machozi. Kaka zangu walibeba shoka na kamba na kutembea kwa maringo. Bila moshi wangu wangerudi na nyuso zilizovimba tu.

Sega la kwanza lilikuwa la ndege. Baba aliliweka juu ya jiwe, zuri kabisa, linachuruzika, na mimi nililililia. Bibi yangu akanikemea. "Nani ametuleta hapa? Haki ya mwenzako huili eti kwa sababu hana lugha ya kukudai."

Nyumbani tulichuja asali na bibi, mikono inanata mpaka viwikoni, nyuki waliolewa moshi wakizunguka miguuni petu. Nyama kavu tuliizamisha ndani ya asali, ikakaa hata kiangazi kizima bila kuoza. Nimekula keki za mjini, za harusi na za kuzaliwa. Hakuna iliyofika pale.

Na tukichuja, bibi alinifundisha miti. Kila mti wa asali ulikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na ukoo wake, na alama ya ukoo ilichongwa kwenye gome. Kulikuwa na Kipofu, kwa sababu nyuki wake waliuma jicho kwanza. Mama wa Mapacha alikuwa na matundu mawili. Mchelewaji aliiva wenzake wakishamalizika. Na Msikilize, ambaye huwezi kujua kama ana kitu mpaka utege sikio kwenye shina. Nikikosea jina moja, bibi alinirudisha mwanzo. Shule sikuenda sana, lakini hiyo miti ninayo yote, mmoja mmoja.

Sasa nikuambie la pili, lisilo tamu. Sisi ni Waata. Ndilo jina letu, lakini mdomoni mwa wenye ng'ombe lilitoka kama mtu anayetema kokwa. Asiye na ng'ombe, walisema, ni mtu nusu. Watoto wao walituimbia hivyo kisimani. Lakini wakiwa na harusi, baba zao walikuja kwetu kwa adabu, salaam aleikum nyingi, kuomba asali, kwa maana harusi bila asali ni aibu. Bibi aliwapa, akacheka wakishaondoka.

Nilipopelekwa shule, bibi alinifunga shuka vizuri, akaniambia: "Wakikuuliza wewe ni mtu gani, usiseme. Taja babu zako, baba wa baba wa baba, mpaka achoke mwenyewe." Nilifanya hivyo. Mwalimu aliuliza kabila, mimi nikaanza na babu, nikaendelea, darasa linacheka, nikaendelea tu. Mwalimu alichoka. Akaandika Borana, kabila la hao wenye ng'ombe. Tangu siku hiyo karatasi zangu zote zimekuwa za mtu mwingine.

Baadaye msitu wa mtoni ulifungwa. Watu wa serikali walipigilia vibao vya kukataza kuingia, na miti yetu ikabaki upande wa pili. Baba aliingia mara moja kumwona Kipofu, akakamatwa na mtungi wa asali mkononi, akaitwa mwizi. Mwizi wa mti wenye alama ya babu yake! Hakupuliza tena fuulido. Alinipa na yake pia, nikaipoteza. Hii yangu ndiyo imebaki.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini mjukuu wangu alikuwa na haraka asubuhi ile. Tangu kaunti zije, mambo mengine yamesogea karibu na mlango. Kinna walikuwa wanaandika daftari la ardhi ya jamii: nani ni wa hapa, na anaitumia vipi. Mjukuu amesoma. Njiani, tukipita vitunguu na mifereji ya Rapsu, alinieleza. "Akoo, katiba imesema hata ardhi ya wawindaji na watafuta asali ni ardhi ya jamii. Lakini lazima tuandikwe kwa jina letu. Tukiingia chini ya jina la wengine, wataandika malisho na visima, basi. Miti haitakuwa ya mtu. Hatutapata hata mahali pa kuanzia kuomba njia ya kuifikia."

Tulikuta watu wamejaa chini ya mabati ya soko. Karani alikuwa msichana wa kutoka upande wa Meru, mwenye mwandiko mzuri na koti zito kwa lile joto.

"Shosho, jina nimepata. Kabila?"

Utacheka. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikataja babu. Nikataja baba yake. Nikataja baba wa huyo.

"Shosho, mimi nimeuliza kabila, sio historia."

Mzee mmoja mwenye ng'ombe, jirani yetu wa zamani, akaingilia kwa upole. "Andika tu Borana, mama. Hawa ni watu wetu. Tunakaa nao, tunaswali nao."

Hakuwa na ubaya. Alitaka kunisaidia, kama mwalimu yule. Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Mjukuu wangu alinitazama.

"Andika Waata," nikasema.

Wengine walitazama viatu.

"Hiyo inaandikwa aje?"

"Weka A mbili, mwanangu. Ukiweka moja, umeandika watu nusu."

Akaweka mbili. Niliona kwa macho yangu. Kisha akauliza ardhi tunaitumia kwa nini. Nikamwambia asali, na miti nitamtajia.

"Kwani mti inaitwa jina?"

"Na ng'ombe ya huyu mzee haiitwi?"

Watu wakacheka. Yule mzee akasema, "Mwacheni, miti ya zamani nani ataijua."

Nikamgeukia. "Wewe obo, ndugu yangu, asali ya harusi yako ilitoka kwa mti gani?"

Alijikuna shingo. Kisha tabasamu likamtoka, la kijana kabisa. "Kipofu," akasema. "Wallahi, ni Kipofu. Baba yako aliileta jicho limevimba hivi! Andika, mama. Mimi ni shahidi."

Basi nikaanza. Kipofu, Mama wa Mapacha, Mchelewaji, Msikilize, na wengine nyuma yao, kila mmoja na ukoo wake na alama yake, kama nilivyoitaja zamani tukichuja na bibi. Nilitaja nikingojea karani achoke, kwa sababu maisha yangu yote nimejua kwamba mwisho wanachoka. Huyu alifika mwisho wa ukurasa, akapindua. "Endelea, shosho," akasema.

Hayo ndiyo majina. Miti yenyewe, nakuambia ukweli, mingine imeanguka. Tulipotoka sokoni mjukuu alinipeleka hadi kwenye vile vibao, nami nikapuliza fuulido. Midomo yangu imelegea lakini sauti ilitoka. Tulingoja. Hakuna aliyejibu. Ndege amekaa muda mrefu bila watu wa kuwaongoza, labda wazee wake pia walikufa na hakuna aliyewafundisha watoto. Wa kukumbuka ladha ya asali ya ile miti nimebaki mimi, na huyo mzee wa Kipofu.

Nikatoa kwenye mfuko sega nililonunua sokoni Kinna, nikaliweka juu ya jiwe.

"Akoo, lakini hajatuonyesha kitu. Na kama haji?"

"Mwachie," nikamwambia. "Sisi nasi tulikawia."