Sikio la Kushoto la Régine

Régine wa mtaa wa Naviundu alikuwa na ugomvi na mtu ambaye hakujua wanagombana kwa nini. Mtu huyo ni Numbi, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Waliuza pamoja kando ya barabara, Régine mikate yake ya kukaanga, Numbi chai, na mbabula moja, jiko la makaa, ikiwapikia wote wawili.

Kisha sikio la kushoto la Régine likaanza kulia. Mlio mwembamba, hauumi, ila hauishi. Na kwao kila mtoto anajua: likilia la kuume unasifiwa, likilia la kushoto unasengenywa. Mlio ulizidi asubuhi, naye asubuhi alikuwa karibu na nani? Numbi! Kesi ikaisha bila shahidi. Régine akanunua mbabula yake, akahamia ng'ambo ya barabara, salamu akaziacha huko huko. Maskini wateja wakawa wanakwepa magari, mkate mkononi, wakifuata chai. Naye moyoni alimkosa Numbi vibaya sana.

Binti yake Keren, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa, akasikia kuna watafiti wanatafuta watu wenye mlio mdogo masikioni. Akamburuta mama yake. Wakampima kusikia, wakamlaza ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, nayo ikagonga na kunguruma kama fundi wa mabati mwenye hasira. Sikio la Régine lilikuwa limepata kiboko yake.

Dokta Sylvain, mmoja wa watafiti hao, akamwonyesha picha za rangi.

"Mama, hakuna muntu anakusema. Kuko sehemu ya ubongo yenye kusikia, na ingine yenye kuangalia mambo. Kwa bantu benye mlio sawa wako, inaonekana zinaongea pamoja kupita kawaida, hata inje kukiwa kimya. Juu ya nini, tungali tunatafuta. Lakini usiogope."

Régine akakodoa macho. "Kumbe bale bananisema banaikala mu kichwa yangu, na kodi habalipake!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akamkumbuka Numbi, na aibu ikamshika.

Kesho yake akavuka barabara, mbabula yake baridi mikononi. Numbi akimgeuzia kisogo, atamlaumu nani?

"Numbi, minakuya kukuomba pardon. Sikio ilinidanganya. Niliwaza weye njo unanisema."

Numbi akaweka birika chini, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Haikukudanganya, dada. Nilikuwa nakusema kila asubuhi! Tangu ulihama, mikate yako iko chumvi tupu. Bantu banamaliza chai yangu juu ya kiu."

Wakaangua kicheko, wakakumbatiana hadi wateja wakaanza kulalamika. Sikio lilikuwa lingali linalia. Régine akavuta kiti mahali pake pa zamani, akamwambia Numbi aendelee kumsema, ila kwa sauti, asikie vizuri.