Nilivyowafundisha Akina Mama wa Bodo Kupanda Mikoko

Jamani, kosa ni langu, simsingizii mtu! Nacheka huku naandika, lakini aibu bado ninayo.

Mimi ni mtu wa bara, nasomea shahada ya uzamili ya mazingira. Mikoko nilizoea kuiona kwenye kompyuta, kwa picha za setilaiti. Wafadhili wa utafiti wetu wakataka kila mwanafunzi aende kuhamasisha jamii. Mimi nikapelekwa Bodo, kijiji cha pwani, kwa kikundi cha akina mama wanaopanda mikoko.

Laiti ningeuliza! Wapi! Nilifika na fulana mpya na bango, nikawasimamisha kwenye tope saa nzima nikiwaonyesha namna ya kuchomeka ile mbegu ndefu ya mkoko. Kiongozi wao, Bi Mwanakombo, alinitazama, akawatazama wenzake, kisha akasema, "Haya mwanangu, twakushukuru." Wote wakachomeka kama nilivyochomeka mimi. Nikapiga picha, nikaondoka kifua mbele.

Miezi michache baadaye nikapata habari kwamba mikoko imeshika yote. Loo, kichwa kilivimba! Nikaandika sura nzima ya tasnifu, eti jamii haikuwa na ujuzi, mimi ndiye niliyewapa. Mama yangu akaharakisha kushona nguo ya mahafali.

Profesa wangu alipoisoma akasema twende akajionee. Tulipofika, Profesa akanipa mbegu mbele ya akina mama wale. "Hebu tuonyeshe ulivyowafundisha."

Nikainama, nikachomeka kwa madaha.

Profesa akauliza polepole, "Mbona umeipanda kichwa chini miguu juu?"

Nilitamani tope linimeze! Bi Mwanakombo akanishika mkono. "Usimkaripie, Profesa. Mgeni hasahihishwi mbele ya watu. Siku ile nasi tulipanda vivyo hivyo ili asione haya. Alipoondoka, tukazigeuza zote."

"Zote?" nikauliza.

"Zote, mwanangu. Mgongo uliniuma siku mbili!"

Mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata, Profesa akashika mti asianguke. Hata mimi nilicheka mpaka nikakaa topeni na suruali yangu nyeupe.

Lakini kicheko hakikuniokoa. Sura ile ilifutwa yote, mahafali yakanipita, na nguo ya mama iko kabatini hadi mwakani. Stahili yangu! Niliwaandika kuwa wajinga watu waliojiumiza migongo kunisitiri.

Siku hizi naenda Bodo kila wiki, mwanafunzi wao. Kwenye sura mpya nimewataja kuwa walimu wangu, kwa majina, na nimewasomea yote. Bi Mwanakombo alinisahihisha mara nne, tena mbele ya watu! Nilifurahi karibu nirukeruke, maana nilijua mimi si mgeni tena.

Nawe unayefungasha bango kwenda kuelimisha jamii, tafadhali, uliza kwanza. Na wakikujibu "twakushukuru" bila neno jingine, rudi kesho yake ukaangalie walichokigeuza.